Muvi za wahuni wa London zinazochekesha: maswali mnayouliza sana

Tunaongelea muvi zipi hasa?

Zile za Uingereza, nyingi stori yake inapigwa London, ndani kuna wacheza kamari, wezi wa almasi, wauza bangi na mabosi wa mtaani wenye roho ya kutisha, na bado unacheka mpaka machozi, na kila kitu kinaenda mbio. Vinara wake ni Lock, Stock and Two Smoking Barrels ya 1998 na Snatch ya 2000, zote kaandika na kuongoza Guy Ritchie. Baadaye akaja na RocknRolla ya 2008, halafu The Gentlemen iliyoingia kwenye kumbi za Uingereza Januari 2020, ikazaa na sizoni ya Netflix mwaka 2024. Layer Cake ya 2004 watu wanaiweka humo humo kwa sababu Matthew Vaughn aliyeiongoza ndiye alikuwa prodyuza wa zile mbili za kwanza, ila ile ni nzito zaidi, kicheko chake ni cha kuvizia, na Daniel Craig mle ndani alikuwa bado hajawa James Bond.

Utamu wake uko wapi? Mimi naona wahuni wanagombana tu.

Hili ndio swali lenyewe na nalijibu kwa urefu maana hapa ndipo watu wanapozipita hizi muvi bila kuzionja.

Utamu uko kwenye kitu kimoja: wewe uliyekaa kwenye kochi unajua, wao hawajui. Chukua Lock, Stock. Eddy ni fundi wa karata, washkaji zake watatu wanachanga naye pauni 25,000 kila mmoja, anaenda kukaa meza moja na bosi anaitwa Hatchet Harry, mchezo wenyewe una rafu ndani yake na yeye hajui, anatoka pale anadaiwa pauni 500,000 na ana wiki moja ya kulipa la sivyo wanaanza kukatwa vidole. Sasa ukuta wa nyumba wanayokaa ni mwembamba, wanasikia majirani zao, majambazi kabisa, wakipanga kwenda kuvamia vijana wa kishua wanaolima bangi ndani ya nyumba. Eddy na wenzake wanaona hapo hapo mchongo umejileta: tuwaache majirani wakafanye kazi, wakirudi na mzigo tunawapora sisi. Wanatafuta silaha, wananunua bunduki mbili za kale kwa jamaa anaitwa Nick the Greek. Zile bunduki ni za thamani kubwa sana, zimeibwa kwa oda ya Hatchet Harry yule yule anayewadai, ila vibaka wawili waliotumwa kuziiba hawakujua thamani yake wakaziuza kwa Nick kwa bei ya bure. Halafu ile bangi wakishaipora wanatafuta mteja, Nick anawapeleka kwa Rory Breaker, na Rory Breaker ndiye mwenye ile bangi.

Umeona? Kila mtu kashika kipande chake anadhani ndio picha nzima. Hakuna hata mmoja anayefanya ujinga kwa makusudi, kila uamuzi ukiutazama peke yake una akili, ukiziunganisha hizo akili zote zinagongana. Ndio maana unacheka kabla hata jambo halijatokea, unamuona mtu anatembea kwa mbwembwe kuelekea kwenye mlango ambao wewe unajua nyuma yake kuna nani.

Na kitu cha pili ambacho wengi walioiga hii staili walikikosa: hofu lazima iwe ya kweli. Brick Top wa Snatch, kazi ya Alan Ford, mzee wa miwani mikubwa ana nguruwe anaowalisha maiti za watu, na anaelezea hiyo shughuli taratibu kabisa kama anakupa maelekezo ya njia. Huyo hachekeshi hata kidogo. Sasa kwa sababu yeye anatisha, Turkish na Tommy, mapromota wadogo wa ngumi, wanapohangaika kumridhisha kila sekunde yao inakuwa na uzito, unacheka huku tumbo limekaza. Ukimfanya bosi kuwa kituko, muvi imekufa. Kuna muvi kibao za Uingereza zilitoka baada ya 1998 zikiwa na wahuni wenye majina ya ajabu na matusi mengi na muziki mkubwa, hazikudumu, kwa sababu hakuna anayeogopwa mle ndani.

Mbona zinaenda haraka sana, nakuwa nimepotea dakika ya kumi?

Kupotea dakika ya kumi ni kawaida, wanakumwagia watu wengi kwa mpigo ili baadaye wote wakutane. Vumilia, usitoe simu mfukoni, maana jina utakalolipuuza mwanzoni ndio litakuja kuwa na almasi mwishoni.

Haraka yenyewe lakini si ya kukimbizana na magari. Ni ya uhariri na ya mdomo. Kwenye Snatch kuna tajiri wa New York anaitwa Avi inabidi asafiri kwenda London, muongozaji mwingine angekuonyesha uwanja wa ndege, foleni, teksi, Ritchie anakupa mlango wa gari, ndege, kidonge, kinywaji kinamezwa, mhuri kwenye pasipoti, tayari yuko London, sekunde chache tu. Picha inagandishwa jina la mtu linatokea. Msimulizi anakupa historia ya mtu kwa sentensi moja (Lock, Stock anasimulia huyo huyo Alan Ford, Snatch anasimulia Turkish mwenyewe, ndio Jason Statham) na hapo hapo tumeshasonga.

Halafu kuna lile tukio la magari matatu, kwangu mimi ndio darasa zima. Tommy anarusha pakiti ya maziwa ya Turkish dirishani. Maziwa yanapasuka kwenye kioo cha gari la Tony, mbabe aliyekodiwa na Avi, ambalo nyuma kwenye buti wamemfungia Mrusi anaitwa Boris, gari linapata ajali. Boris anachomoka akiwa na mfuko kichwani haoni mbele, anagongwa na gari la tatu la vibaka wanaomtafuta yeye huyo huyo. Tukio moja la barabarani wanalikata vipande wanakuonyesha kutoka gari hadi gari, na kila mara unaporudishwa unaelewa kitu ambacho waliomo ndani ya magari hawatakaa wakielewe. Mpaka stori inaisha Turkish hajui kwamba maziwa yake yamemuua mtu barabarani. Ukitaka kuelewa kwa nini watu wanazirudia hizi muvi mara nyingi, angalia hapo.

Siwaelewi wanavyoongea. Kiingereza changu ndio kibovu?

Hapana. Hata Waingereza wenyewe hawaelewi kila kitu, na muvi inalijua hilo. Kwenye Lock, Stock kuna jamaa mmoja baa anasimulia kisa cha Rory Breaker kwa lugha ya mtaani ya London mashariki, na chini wameweka maandishi ya Kiingereza cha kawaida kutafsiri Kiingereza! Hiyo lugha ya kina East End inafanya kazi kwa vina: badala ya kutaja kitu unataja maneno mengine yanayoishia na sauti hiyo hiyo, halafu mara nyingi lile neno lenye kina unalidondosha kabisa, kwa hiyo mgeni hana pa kushika. Ni kama sheng ya Nairobi, mtu wa nje akae mbali kwanza.

Na yule Mickey wa Snatch, Brad Pitt, usijisumbue kabisa. Anaongea kwa namna ambayo wenzake ndani ya muvi nao hawamuelewi na hiyo ndio silaha yake, anafanya biashara ya karavani na mbwa watu wanakubali masharti ambayo hawakuyasikia vizuri. Washa sabtaito za Kiingereza, hamna aibu.

Ninachokuomba tu ni usiyachukulie mazungumzo kama kitu cha kupitisha muda kati ya mapigano. Kwenye hizi muvi mazungumzo ndio mapigano.

Kwa nini hakuna risasi nyingi kama za Marekani?

Swali zuri mno na jibu lake liko kwenye sheria. Machi 1996 mtu aliingia shule ya msingi huko Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Baada ya hapo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1997 zilizopiga marufuku karibu bastola zote mikononi mwa raia wa England, Scotland na Wales. Hata polisi wengi wa kawaida kule hawabebi bunduki. Kwa hiyo mhuni wa London kwenye muvi ya 1998 hawezi kuvuta tu droo akatoa bastola, silaha ni shughuli, lazima uitafute, uinunue kwa mtu usiyemuamini, na inaweza isifanye kazi. Ndio maana bunduki mbili za kizee zinaweza kubeba stori nzima.

Tazama Tony ndani ya baa kwenye Snatch, hii ni Vinnie Jones. Vibaka watatu wamemnyooshea bastola, yeye yuko mezani ametulia anaanza kuwachambua kwa maneno, mmoja mmoja, mpaka anawaonyesha kwamba zao ubavuni zimeandikwa ni za bandia, na yake imeandikwa Desert Eagle, bastola ya kweli. Hamna risasi iliyopigwa na wale jamaa wameshakwisha. Sahau milipuko yote uliyowahi kuona, tukio la mtu aliyekaa kwenye kiti ndio limebaki vichwani mwa watu kwa zaidi ya miaka 20.

Ni kweli waigizaji wengine hawakuwa waigizaji?

Kweli kabisa na ndio ladha yenyewe. Vinnie Jones alikuwa mcheza mpira, kiungo mgumu wa Wimbledon, ile timu iliyoifunga Liverpool 1-0 kwenye fainali ya Kombe la FA mwaka 1988, na alicheza hadi timu ya taifa ya Wales. Lock, Stock ndio muvi yake ya kwanza. Jason Statham naye ndio ilikuwa ya kwanza, kabla ya hapo alikuwa mpiga mbizi wa kuruka majini, aliiwakilisha England kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1990 kule Auckland, na aliwahi kuuza vito na manukato feki barabarani. Sasa angalia lile tukio la kufungua Lock, Stock anapiga debe la vitu vya wizi mtaani mpaka polisi wanatokea, ule mdomo haukufundishwa chuo. Lenny McLean aliyecheza Barry the Baptist alikuwa bondia wa ngumi za mikono mitupu mwenye jina kubwa London mashariki, alifariki Julai 1998 wiki chache tu kabla muvi haijatoka, hakuiona ikipasua.

Na yule baba yake Eddy mwenye baa ni Sting, mwanamuziki yule yule. Mke wake Trudie Styler alikuwa mmoja wa waliotia hela kwenye hiyo muvi.

Ritchie mwenyewe hakutoka East End, alizaliwa Hatfield nje ya London mwaka 1968, aliacha shule na miaka 15, hakusomea filamu popote, alijifunza kwenye video za muziki na matangazo. Nadhani ndio maana anahariri vile, mtu aliyezoea kukuuzia kitu kwa sekunde 30 hana subira ya kukuonyesha mtu anafungua mlango.

Je, haya mambo yanatokea kweli au ni ya kutunga?

Stori ni za kutunga, ila historia ya uhalifu wa London inashangaza kuliko hizo muvi. Mwaka 1963 genge lilisimamisha treni ya posta likaondoka na zaidi ya pauni milioni 2.6, wakajificha kwenye nyumba ya shamba, wakawa wanacheza Monopoly kupoteza muda, na polisi wakaja kukuta alama za vidole kwenye huo mchezo. Mapacha wa Kray, Ronnie na Reggie, walitawala East End miaka ya 1960, walikuwa na klabu, wakipigwa picha na watu maarufu, mpaka walipofungwa maisha mwaka 1969. Ule mchanganyiko wa suti kali na ukatili unaouona kwa mabosi wa hizi muvi una deni kubwa kwao.

Halafu Hatton Garden, mtaa wa masonara London, Pasaka ya 2015. Wazee, wengi wao wa miaka 60 na 70 na kitu, walitoboa ukuta wa zege kuingia kwenye chumba cha masanduku ya kuhifadhia vito. Usiku wa kwanza kifaa chao kiliwagomea wakatoka mikono mitupu, mmoja wao akakata tamaa hakurudi, wengine wakaenda kununua kifaa kingine wakarudi kumalizia. Na yule aliyekata tamaa alikuwa amekuja kwenye tukio kwa basi, anatumia kadi ya wazee ya kusafiri bure. Ungeandika hivyo kwenye skripti ungeambiwa umezidisha.

Kwa hiyo Guy Ritchie ndiye aliyeanzisha?

Hapana, na hili linaniuma kidogo kwa sababu watu wanakosa raha kubwa. Waingereza walikuwa wanawacheka wahalifu tangu zamani. Studio za Ealing za London zilitoa The Lavender Hill Mob mwaka 1951, karani mpole wa benki, Alec Guinness, kazi yake ni kusindikiza dhahabu, siku moja anaamua kuiba, wanaiyeyusha wanaitengeneza vinyago vidogo vya mnara wa Eiffel ili waivushe kwenda Paris, na huko vinyago kadhaa vinauzwa kwa bahati mbaya kwa wanafunzi wa kike wa Kiingereza waliokuja kutembea. Hiyo ndio akili ile ile ya bunduki za Hatchet Harry, miaka 47 kabla. Ilichukua Oscar ya uandishi. The Ladykillers ya 1955 ni majambazi watano wamepanga chumba kwa bibi mjane wanajifanya kikundi cha muziki, na bibi wa watu anawashinda wote bila kujua kama kulikuwa na vita.

Kisha The Italian Job ya 1969, Michael Caine, vigari vya Mini vinakimbia na dhahabu ndani ya Turin, na mwisho basi linaning'inia ukingoni mwa mlima, muvi inaishia hapo hapo. Lock, Stock nayo inaishia na Tom, mmoja wa washkaji wa Eddy, anainama kwenye ukingo wa daraja na simu mdomoni, bunduki zinataka kudondoka mtoni. Sina shaka kabisa kwamba ni mkono ule ule.

Si kamuiga Tarantino tu?

Hiyo wameisema tangu siku ya kwanza, na ndiyo, Pulp Fiction ya 1994 ya Tarantino, yule muongozaji wa Marekani, ilifungua mlango kwa wote waliotaka wahuni wanaopiga stori. Ila wa Tarantino wanakaa kwenye mazungumzo, wanapumzika humo, muda unasimama. Wa Ritchie wanaongea kwa sababu wamechelewa. Na London ina kitu Los Angeles haina, matabaka, watu wanajua wewe ni wa wapi ukifungua mdomo tu. The Gentlemen yote imejengwa juu ya hilo: Mmarekani anaotesha bangi chini ya ardhi za mabwanyenye wenye majumba makubwa ya urithi na hawana hela ya kuyatunza, kila upande unamdharau mwenzake na kila upande unamhitaji mwenzake.

Muziki?

Uangalie kwa spika nzuri. James Brown kwenye Lock, Stock, na kwenye Snatch subiri Angel ya Massive Attack inapoingia usiku ule wa karavani kuungua. Hapo hakuna anayecheka.

Kuna mabaya yake?

Yapo na nayasema wazi kwa sababu nazipenda. Wanawake karibu hawapo, na walipo hawana la kufanya, hata RocknRolla iliyompa Thandiwe Newton nafasi kubwa zaidi bado ni dunia ya wanaume. Jamii ya Travellers wa Ireland kwenye Snatch, watu wa kuhamahama na karavani kama Mickey, inatukanwa na kila mtu mle ndani, ingawa mwisho wa siku wao ndio wanaowazidi wote ujanja na mama yake Mickey ndiye mtu pekee ambaye kifo chake kinauma. Watu wa mataifa mengine mara nyingi ni vichekesho vya lafudhi. Unaweza kupenda mpangilio wa stori na bado ukakereka na hayo, mimi nakereka.

Naweza kuangalia na wadogo zangu?

Usijaribu. Kule Uingereza Lock, Stock na Snatch zote zimepewa daraja la 18. Matusi hayapumziki, damu ipo, bangi ipo. Wadogo wape The Lavender Hill Mob.

Zile zilizowekewa sauti ya DJ zinafaa?

Kwa muvi za ngumi na za kivita sina neno, DJ Afro wa Kenya ana namna yake ya kuifanya muvi iwe mpya kabisa na nusu ya raha ni yeye. Ila huku nilishasema maneno ndio mapigano, ukiyafunika umefunika muvi. Labda uangalie mara ya kwanza yenyewe, ya pili ndio na DJ.

Nianze na ipi?

Anza na Snatch, ni nyepesi kuingia na kila dakika kumi ina tukio la kukufurahisha. Halafu Lock, Stock, chafu zaidi, rangi yake ya kahawia kahawia, ila mpangilio wake ndio mtamu kuliko zote. Ukishazimaliza rudi The Ladykillers ya 1955, sio ile ya Marekani ya 2004. Kisha The Gentlemen, hasa kwa ajili ya Hugh Grant, miaka yote tulimzoea kwenye muvi za mapenzi, humu ni mpelelezi wa udaku mwenye sauti ya kuteleza na yeye ndiye anasimulia karibu muvi nzima. Revolver ya 2005 iache kabisa mwanzoni, inataka kuwa na falsafa na inasahau kukimbia. Na ukimpenda Tommy wa Snatch, yule anayeganda mbele ya Brick Top, huyo ni Stephen Graham, mfuate kwenye Adolescence ya 2025, anacheza baba ambaye mtoto wake wa kiume kakamatwa kwa mauaji, kila episodi imepigwa kwa kamera moja bila kukata hata mara moja.